Kwa maafisa ugani wapya: semina ya wakulima ianzie mwisho

Mliopangiwa kata kwa mara ya kwanza mwaka huu hongereni sana. Muda si mrefu mtaambiwa muendeshe semina na hakuna atakaewakalisha chini awaeleze inaendeshwaje, kwahiyo naandika niliyoyaona mwenyewe, hasa kwenye semina za kuhifadhi mahindi huku Dodoma.

Semina yangu ya kwanza niliandaa slaidi 42. Nikaazima projekta, nafika ofisi ya kijiji umeme hakuna, ikabidi niongee tu. Lakini shida haikuwa umeme. Shida nilikuwa nimepanga mambo nitakayosema mimi, sikupanga hata kitu kimoja ambacho yule mama aliyekaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni ataenda kukifanya nyumbani kwake. Niliongea masaa manne, wakapiga makofi, wakasaini, wakachukua nauli wakaondoka. Miezi kadhaa baada ya mavuno narudi kijiji kilekile nakuta dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, ameshapita, ukiinua gunia unga unamwagika chini kama umetoka mashineni. Iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Tangu hapo kabla sijagusa ratiba naandika kwanza sentensi moja, mfano: akitoka hapa awe anaweza kupima kama mahindi yamekauka, na kufunga mfuko wa PICS, ule wa kuhifadhia nafaka usioingiza hewa, kwa mikono yake. Basi. Chochote kisichosaidia hio sentensi nakitoa hata kama nakipenda. Habari ya dumuzi alivyoingia nchini akaonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 mimi naipenda sana, ila naipa dakika mbili, muda unaobaki ni wa mikono.

Alafu usianze kufundisha kabla hujauliza. Uliza tu, jamani mnajuaje mahindi yamekauka? Mmoja atasema nang'ata punje, mwingine nayamimina nasikiliza mlio, hapo watabishana na ukumbi wote utaamka. Usiwaambie wanakosea maana wanayoyasema yana ukweli ndani yake. Toa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi mpaka theluthi, weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, mpe mzee mmoja atikise kama dakika moja hivi, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji, yarudi juani, isipoganda yanafaa kuhifadhiwa. Njoo na mahindi ya aina mbili, makavu na mabichi kidogo, ili waone tofauti kwa macho, na chumvi ikaushe juani jana yake kwasababu ikiwa na unyevu itakudanganya mbele za watu. Ile robo saa ya kusubiri ndo nzuri kuongelea sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, maana huku mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu na wapo wanaokumbuka. Ongea taratibu, usiwatishe.

Mfuko nao usiwafungie wewe. Una mifuko miwili ya nailoni ndani na wa sandarusi nje, kila mmoja unafungwa peke yake, unasokota mdomo, unakunja, unakaza kamba, mdudu anakosa hewa anakufa bila dawa. Kuelezea ni rahisi, kufunga ndo kuna kazi, kwahiyo wagawe watu watanowatano kila kundi na mfuko wake na kila mtu afunge afungue. Wakizidi 30 fanya siku mbili. Nimejaribu na watu 70, wakafunga vijana waliokuwa mbele tu, wakina mama wakabaki kuangalia na wao ndo wanaolinda chakula nyumbani.

Tarehe nayo panga na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, usiipange ofisini. Siku ya mnada hupati mtu, Ijumaa mchana waislamu wanaenda kuswali, na semina ya kuhifadhi ifanyike kabla ya mavuno, ukija mwezi wa tisa mahindi yameshaingia ghalani unamfundisha nani? Mgeni rasmi muombe kwa heshima azungumze dakika kumi, na umwambie mapema sio pale mezani. Nauli na chai viseme wazi tangu kwenye barua ili watu wasikae wanawaza hilo wakati unafundisha. Chakula kisicheleweshwe, ikifika saa nane watu wana njaa hawasikii kitu.

Kingine ambacho wengi tunakiacha, karatasi ya mahudhurio iwe na kitongoji na namba ya simu, sio jina na sahihi tu. Mwezi wa kumi chagua nyumba tano, nenda. Mimi mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mama wa benchi la nyuma, safari hii alikuwa amefunga mwenyewe mifuko mitatu. Tukafungua mmoja mbele ya majirani, akachota mahindi kwenye ungo akapepeta, na kwenye ungo hapakuwa na unga.