Klippfisk: mkasi wa nini hapa?

SWALI: Shikamoo babu. Mi nauza samaki hapa pwani Bagamoyo, juzi kaja mgeni wa Norwei akasimama weee anawaangalia ng'onda wangu juani, akasema kwao kuna wa hivi wanaitwa klippfisk. Mume wangu kaguguli, klippe eti ni kukata kwa mkasi, kwa hiyo anasema ni samaki wa kukatwa maana hata ng'onda si tunampasua? Mi sijaridhika. – Mama Ng'onda, Dunda

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo simlaumu, hilo neno lina pacha. Klippe ya kitenzi ni kweli kukata kwa mkasi, nywele na vitambaa huko, ila ipo klippe nyingine ambayo ni mwamba, Wanorwei waliichukua kwenye Kijerumani cha kaskazini, na hiyo ndo imemshika huyu samaki. Fisk ni samaki. Samaki wa mwambani basi, na si kwamba anaishi mwambani kama changu, hapana, alianikwa mwambani! Wanamchukua torsk, samaki wa maji ya baridi, wanampasua, wanatoa mfupa wa mgongo, wanamshindilia chumvi halafu wanamlaza kwenye miamba ya ufukweni apigwe jua na upepo, jioni ikifika au mvua ikinusa wanakimbia kuwakusanya, wanarundika na kufunika, yaani mbio zilezile unazozijua wewe wingu likitanda. Mji wa Kristiansund umekula hela ya biashara hii tangu miaka ya 1690, mzigo ukienda mpaka Ureno na Brazili. Siku hizi wanakausha ndani kwa mashine, mwamba umebaki kwenye jina tu.

Halafu usimchanganye na tørrfisk. Tørr ni kavu, huyo hatiwi chumvi kabisa, ananing'inizwa kwenye chanja za miti kule Lofoten baridi imkaushe. Sasa ona, wote wawili mwisho ni fisk, kwa sababu wenzetu kitu chenyewe wanakiweka nyuma. Sisi batamzinga tunaanza na bata, wao wangeanza na mzinga, ndo maana maneno yao inabidi uyasome kinyumenyume.

Huyo mgeni akirudi muulize kwao wanamloweka muda gani, maana klippfisk ukimtia chunguni hivihivi, chumvi ile mchuzi wote unamwaga.