Usipange makwotabeki kwa jumla ya yadi

Ndugu, umeuliza kwa nini Johnny Unitas wa zamani anaachwa mbali na Tom Brady wa juzi ukiwapanga makwotabeki, yaani warusha pasi wa futiboli ya Marekani, kwa jumla ya yadi walizopata kwa pasi. Kipimo chenyewe ndicho kibovu. Msimu wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ulikuwa na mechi 12 hadi 1960, 14 kuanzia 1961, 16 kuanzia 1978, na sasa ni 17. Anza kwa kugawa: pasi 32 za tachidauni (za kufunga) za Unitas mwaka 1959 ni 2.7 kwa mechi. 55 za Peyton Manning mwaka 2013 ni 3.4. Pengo limeshapungua.

Kisha mpime kila mtu na wenzake wa msimu uleule. Enzi za Unitas beki aliweza kumsukumasukuma mpokeaji wa pasi hadi mpira urushwe. Mwaka 1978 beki akakatazwa kumbughudhi mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia mchezo. Ndiyo maana alama 78.2 za Unitas katika kipimo cha ubora wa pasi, ambazo leo zingemweka mtu benchi, zilikuwa nzuri enzi zake.

Mataji yaje mwisho, kwani ni ya timu nzima. Hata hivyo Otto Graham, kwotabeki wa miaka ya 1940 na 1950, fainali 10 katika misimu 10, mataji 7 (4 ya AAFC, ligi iliyoshindana na NFL), simtoi kwenye tano bora. Wanaoanza kuhesabu mataji kwenye Super Bowl, fainali iliyoanza 1967, humsahau kabisa.