Jibu: Amanda Crowe alijifunzia wapi uchongaji?

Ndugu, umeuliza kama Amanda Crowe, mchongaji wa Kicherokee (moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani), alifundishwa chuoni au na jamaa zake. Alipitia kote kuwili, ingawa nyumbani ndiko alikoanzia. Alizaliwa mwaka 1928 huko North Carolina, Marekani, akashika kisu cha kuchongea tangu utotoni, na Goingback Chiltoskey, mchongaji mwingine mashuhuri wa Kicherokee, alikuwa jamaa yake. Baadaye alisomea sanaa katika chuo cha Art Institute of Chicago, kisha akaenda Meksiko kujifunza zaidi kwa mchongaji José de Creeft.

Ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba, akiwa na elimu ambayo ingempatia nafasi katika miji mikubwa, alirudi kwao mwaka 1953 na kufundisha uchongaji katika shule ya sekondari ya Cherokee kwa karibu miaka 40, akawalea wachongaji wengi wanaojulikana leo.

Anakumbukwa hasa kwa dubu wake. Hakuhangaika kuchonga kila unywele. Alilisugua umbo hadi likawa laini, akaiacha mistari ya asili ya mbao, kwa mfano ya mjozi, ifuate mviringo wa bega na mgongo, hata mnyama akaonekana ana uzito na uhai. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mafunzo ya Chicago na mazoea ya nyumbani yanapokutana, wala huwezi kuyatenganisha. Alifariki mwaka 2004.