Muvi mbovu za kutisha zina utamu wake, mimi mwenyewe nilishawahi kuwa mzimu Tukuyu

Mkuu umeuliza mtu mzima na akili zake anapata nini kukaa masaa mawili anaangalia muvi ya kutisha ambayo zombi kavaa saa mkononi. Ngoja nikujibu kwa kirefu, maana mimi nimekaa pande zote mbili, kwenye benchi la kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, na ndani ya muvi yenyewe.

Tuanze na benchi. Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa mteja wa kibanda kimoja pale Mwanjelwa, mabati juu, maturubai pembeni, TV ya chogo na deki. Mwezi wa sita baridi ya Mbeya unaijua, tulikuwa tunabanana sio kwa uoga ni kwa baridi. Zilipita za Kinaijeria, za Kimarekani zilizochoka, baadae zikaja za kwetu za Mussa Banzi, Shumileta na Nsyuka. Ile Nsyuka kwetu ilikuwa balaa maana jina lenyewe la Kinyakyusa, tumekua tunatishiwa nalo tulale mapema, kwahiyo nusu ya watu wanacheka na nusu wanaangalia mlango.

Sasa uhondo wenyewe ulikuwa kwa jamaa anayetafsiri muvi pale kibandani. Stori ikikatika yeye anaiziba hapohapo. Mtu kafa dakika ya ishirini afu dakika ya hamsini huyo anakunywa chai, jamaa anakwambia "huyu pacha wake, katoka jela ya Ruanda hapa Mbeya jana", watu wanapiga makofi maisha yanaendelea. Nilikuja kusoma baadae kwamba Marekani kuna muvi inaitwa Plan 9 from Outer Space ya mwongozaji Ed Wood, steringi mzee Bela Lugosi alifariki 1956 wakiwa na vipande vichache tu vyake, basi wakamchukua tabibu wa viungo wa mke wa Wood, mrefu kumzidi marehemu na hawafanani hata kidogo, wakamwambia ajizibe uso na joho mwanzo mwisho! Nikasema hawa wangekuwa na mtu wetu wa Mwanjelwa wasingehangaika, pacha wake, basi.

Na ile Troll 2 ya 1990 haina troli, yale mazimwi ya hadithi za Wazungu, hata mmoja, nimehesabu. Imeongozwa na Mtaliano, wamepiga Utah, Marekani, na watu wa palepale, baba wa familia ni daktari wa meno kabisa. Ukijua hivyo unaanza kumuonea huruma, unaona mtu anavyojitahidi. Hapo ndo utamu ulipo kwangu mimi, naona jasho la watu.

Maana na mimi jasho limenitoka. Kuna jamaa alikopa kamera akatuchukua vijana nane kwenda Tukuyu, mimi mzimu namba tatu. Uso tumepakwa sembe, damu ni juisi ya rozela. Tukuyu mvua hailetewi taarifa, tumeanza tu kutoka kwenye migomba ikashuka, sembe ikawa uji ukaingia machoni, mzimu namba mbili akanikanyaga kandambili ikakatika, na mwongozaji anapiga kelele "endeleeni, inatisha hivyohivyo!" Pesa ya kurudia haikuwepo. Kwenye muvi mzimu wa tatu anachechemea, watu wakadhani ni sehemu ya uigizaji, kuna dada Uyole alinisifia na sikumkatalia.

Ila sio kila muvi mbovu ina utamu huo. Hizi za makusudi siziwezi, kama ile ya papa wanabebwa na kimbunga ya 2013, wanakukonyeza kila dakika kwamba wanajua ni ujinga. Mchekeshaji anayecheka kabla yako huyo wa nini? Yule mwongozaji wetu wa Tukuyu alikuwa serious mpaka mishipa ya shingo imemtoka, alitaka watu wasilale wiki nzima.

Kama unataka kujaribu usiangalie peke yako kwenye simu, hapo utaona upuuzi tu na utakuwa na haki. Kusanya watu hata wanne, mmoja awe muongeaji, viazi viwepo.

CD yetu ninayo bado, inakwamakwama. Sikukuu iliyopita niliwawekea watoto wa dada nikajua leo hawalali, kale kadogo kakaangalia kimya mpaka mwisho afu kakaniuliza, anko mbona mzimu anatetemeka, hana sweta?