Elfu tatu za omena si mapato

Mmetuuliza sisi wasomaji wiki hii kama ni haki mwanafunzi aitwe chuo kikuu kwa alama peke yake. Kwangu kuitwa si shida. C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, ni C+, iwe ya mtaa wa matajiri wa Milimani au wa maskini wa Manyatta. Ulizeni basi ni nani anayefika darasani baada ya kuitwa.

Nina saiba, duka la intaneti, hapa Kondele, Kisumu. KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, ikishatoa majina, wazazi hupanga foleni nikiwajazia watoto maombi ya ufadhili. Zamani kila aliyepelekwa na serikali alilipa karo ile ile, shilingi 16,000 kwa mwaka. Tangu 2023 familia hupimwa uwezo kwanza, na tangu 2024 mwanafunzi anawekwa kwenye bendi. Mwaka huo wa 2024 bendi ya kwanza nyumbani walichangia asilimia 5 ya gharama ya masomo, ya tano asilimia 40.

Ndio mwaka alipokuja mama anayeuza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye, pamoja na bintiye aliyeitwa kusomea uuguzi. Alitoka sokoni moja kwa moja, aproni bado kiunoni, gorogoro, kopo lake la kupimia, kaishika kwapani. Tulipofika kwenye mapato nikamuuliza, "Mama, kwa siku unapata ngapi?"

"Siku nzuri elfu tatu, mwanangu."

Nikapiga hesabu kwa simu, mara siku 26, nikaandika 78,000. Binti aliitazama ile skrini, akanyamaza. Foleni ilikuwa imefika nje, nikabonyeza kutuma.

Zile elfu tatu ni mauzo. Akishalipa mzigo, nauli na ushuru wa soko, anabaki na mia tano, na mvua ikinyesha omena haikauki, habaki na kitu. Hiyo ni kama 13,000 kwa mwezi, tena ukihesabu siku nzuri tu. Nilijua hayo. Shangazi yangu aliuza omena miaka mingi. Sikuuliza.

Binti akawekwa bendi ya nne, nyumbani walipe asilimia 30. Kwa mapato halisi naamini angekuwa ya pili, asilimia 10. Mama alirudi, akaniwekea simu mezani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Soma tena, labda umeruka mstari." Nilisoma mara tatu. Tukakata rufaa, sikumtoza hata shilingi, lakini siku ya kuripoti ilifika jibu halijaja.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema bendi zife, turudi kwenye 16,000. Hata Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huu unakiuka Katiba. Lakini mwenye ploti ninayemlipa kodi alisomesha kijana wake kwa 16,000 hiyo hiyo, wakati watoto wa wachuuzi walikuwa wakichangiwa kwa harambee. Hiyo nayo siwezi kuiita haki. Basi bendi zibaki, nasema hivyo kwa uzito, mradi fomu iulize unauza ngapi, unanunua ngapi, kinabaki ngapi, na rufaa ijibiwe kabla ya siku ya kuripoti. Wako wanaotaka chifu athibitishe mapato. Labda, ikiwa hakuna atakayedaiwa chai.

Binti ameahirisha nafasi yake, yuko sokoni anapima omena. Mamake amenunua daftari, anaandika bei ya mzigo kila asubuhi, na Ijumaa huniletea nimjumlishie.