Kamera ya fungate: nunua mapema, na stendi ya miguu mitatu usiisahau

Ukishahangaika na ukumbi, mpishi na MC, kamera ya fungate inabaki kuwa jambo la dakika za mwisho. Watu wanainunua wiki ya harusi, boksi linafunguliwa hotelini, wanarudi na picha ambazo simu ingezipiga vizuri zaidi. Mimi na mke wangu tulinunua yetu vikao vya kamati vikiwa bado vinaendelea, na vikao hivyo ndivyo vilivyotufundisha: taa hafifu, wajomba wanacheka, watoto hawatulii. Siku tunapanda boti kwenda Unguja, vidole vilishajua kila kitufe kilipo.

Kwenye pesa msimamo wangu ni huu: bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyotumika, lenzi nzuri. Ile 18-55mm inayokuja na kamera inafaa mchana, ila jua likizama inaanza kudai flashi. Ongeza lenzi moja isiyo na zumu, inayofunguka hadi f/1.8 au f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga mwingi unaingia). Muuzaji atakupa 50mm kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Kwenye kamera za APS-C, yaani zenye sensa (kipande kinachonasa picha) ndogo kiasi kama nyingi za kuanzia, hiyo inabana picha kama 75 au 80mm. Kwa sura ya mtu ni tamu, lakini kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na mlango wa nakshi bado haujaenea. Tafuta 35mm, au 24mm ukiipata, maana namba ndogo huona upana zaidi.

Kamera iliyotumika ikague hapohapo dukani, usione haya. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa Pwani lenzi iliyofungiwa kabatini huipata kirahisi. Mrudishie. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha. Madoa yanayobaki palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa. Linasafishika, kwa hiyo litumie kupunguza bei. Uliza pia shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha) imeshapiga mara ngapi. Kamera nyingi za kuanzia hukadiriwa kufika kama 100,000, kwa hiyo yenye 15,000 bado mbichi.

Memori kadi za bandia ni nyingi. Ijaze mafaili nyumbani mpaka mwisho, uyafungue, ndipo uiamini. Betri ya pili ni lazima.

Sasa stendi. Fungate mko wawili, na kila picha ikipigwa na mmoja wenu mtarudi na albamu mbili za upweke. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zinaunganishwa na simu, unabofya ukiwa umemkumbatia mwenzako. Stendi nyepesi ya kuingia begini ilitufaa kuliko lenzi yoyote ndefu. Ufukweni ikandamize mchangani na uning'inize mkoba katikati, maana upepo wa Nungwi hauna adabu.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuelekea nje, lenzi itaota ukungu papo hapo. Usiifute kwa kanga. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa izoee joto, hasa asubuhi mnapowahi mwanga. Na mwanga wenyewe huku hausubiri: tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, na ule wekundu mzuri unakwisha haraka. Stendi iwe imesimama kabla ya saa 12 jioni. Saa 6 mchana pumzikeni tu, jua la utosini linatia vivuli machoni.

Mitaani, mwombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha, hasa akina mama. Droni inahitaji kibali; kama huna muda wa kukifuatilia, hela yake ongezeeni usiku mmoja hotelini.