Gereji ya Fundi: Lile gari la bati la migongo

SWALI: Shikamoo Fundi. Naishi Brussels. Sokoni kwetu siku ya Jumapili kuna gari la kizamani linalouza kahawa. Bodi yake ni bati la migongo kama la kuezekea nyumba, na pua imetokeza kama ya nguruwe. Mwenyewe anasema ni Citroën, ati liliungwaungwa kwa mabaki ya vita ndiyo maana likawa hivyo. Ni kweli? Mimi na mke wangu tunatamani kununua moja tuuzie chai na maandazi. Unatushauri nini?
Msomaji, Brussels

JIBU: Marahaba mwanangu. Kahawa yake huenda ni nzuri, lakini hayo ya mabaki ya vita amekupa porojo. Hilo ni Citroën H, na kila mgongo wa bati lake ulipigiwa hesabu.

Kwanza ujue limetoka nyumba gani. André Citroën alikuwa mtu wa makuu. Alianza kuuza magari mwaka 1919 kutoka kiwanda cha Javel, Paris, ambako wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitengeneza makombora. Kuanzia 1925 jina lake liliwaka kwa maelfu ya balbu kwenye mnara wa Eiffel. Hata huku kwetu alifika: msafara wa magari yake yenye mikanda nyuma badala ya magurudumu uliondoka Algeria mwishoni mwa 1924, ukavuka jangwa na Kongo, na Kampala ukagawanyika. Kundi moja likateremkia Mombasa, jingine Dar es Salaam, wakutane Madagaska. Piga hesabu mwenyewe hizo fedha. Halafu mwaka 1934 akatoa Traction Avant, gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, na gharama za kuliunda zikammaliza. Kampuni ikafilisika mwaka huohuo, Michelin, wale watengeneza matairi, waliokuwa wakimdai wakaichukua, naye akafariki Julai 1935.

Waliorithi walikuwa watu wa kubana mkono, akiwemo Pierre-Jules Boulanger aliyekuja kuiongoza kampuni. Chini yake ndipo H lilipooneshwa Paris mwaka 1947 na kuanza kuuzwa 1948. Injini yake ya cc 1911 na gia boksi ya gia tatu vilitoka kwenye ileile Traction iliyomfilisi tajiri!

Sasa bati. Liko jembamba, na gari halina chesesi ya peke yake chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Bati bapa la unene ule lingepepesuka. Ukilipa migongo linakaza bila kuongezewa uzito wala gharama. Junkers wa Ujerumani walishaunda ndege za bati la namna hiyo. Vioo navyo vilikuwa bapa, ili mtu akivunja asitafute kioo cha kupinda.

Tena, kwa kuwa linavuta mbele, hakuna propela (lile fito linalopeleka nguvu nyuma) wala difu ya kupita chini ya sakafu. Kwa hiyo sakafu iko chini sana na mtu mzima anasimama ndani bila kuinama. Miaka ya sabini nilifanya kazi gereji moja Marseille, na wateja wetu wengi walikuwa wauza samaki wenye magari haya. Muuzaji anafungua mlango wa pembeni unaoteleza, anasimama wima, anauza. Injini zile hazikutusumbua. Kilichotusumbua ni maji ya barafu yenye chumvi kuila sakafu.

Liliendelea kuundwa hadi 1981, zaidi ya magari 470,000, mengine hukohuko kwenu Ubelgiji. Bucha, polisi, zimamoto, wote walikuwa nalo.

Kuhusu kununua: ligonge bodi kwa kidole kabla hujatoa senti. Siku hizi kuna bodi za faiba zenye sura ya H zinazovalishwa Citroën Jumper, gari la mizigo la kisasa, na picha haikuoneshi tofauti. Likiwa la bati kweli, ingia chini na bisibisi uchokoe sakafu na pembe zake zote; rangi mpya isikudanganye. Ya zamani zaidi yana umeme wa volti 6, kwa hiyo friji na taa zako zitahitaji mpango mwingine. Na dereva wenu ni nani? Gia ya kwanza usiiingize gari likiwa linatembea, utasikia meno yakilia. Barabara kuu mtakuwa mnapitwa na malori.

Kabla ya yote hayo, nenda manispaa. Brussels ina ukanda wa kuzuia magari ya moshi tangu 2018, na ulizia pia kama gari lenye namba za magari ya kale linaruhusiwa kufanya biashara. Wakikukatalia, chukua hilo la faiba juu ya Jumper. Mimi silipendi, plastiki ni plastiki, lakini mnunuzi wa maandazi hatainama kuangalia chini.